Heri shari yenye kengele

Wahenga walituachia kanuni ya kuchagua kati ya mabaya mawili: heri nusu shari kuliko shari kamili. Ukiambiwa uchague kofi moja au makofi matatu, unachukua moja na kushukuru. Ni hesabu ambayo mtu haoni hata haja ya kuibishia. Lakini mwaka 1973 Pietro Badia na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Bowling Green katika jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya panya walioikataa. Panya hao walikuwa na shoti za umeme za namna mbili mbele yao: zisizo na taarifa, ambazo zilikuwa fupi au hafifu, na zilizotanguliwa na mlio, ambazo zilikuwa ndefu au kali zaidi. Wakachagua za mlio. Waliendelea kuzichagua hata zilipokuwa ndefu mara nne hadi mara tisa kuliko zile nyingine, au kali mara mbili hadi mara tatu.

Mlio wenyewe haukuzuia chochote. Panya hakuwa na pa kukimbilia wala namna ya kuuzima umeme. Alilipa maumivu ya ziada ili aambiwe tu kwamba maumivu yanakuja. Kwa nini kiumbe agharamie kiasi hicho habari asiyoweza kuifanyia lolote?

Tuingie kwanza ndani ya kizimba, maana jibu limejificha kwenye mpangilio wake. Sakafu ni vyuma vyembamba vilivyopangwa kama chaga za kitanda, na umeme hupita humo. Kuna taa, kuna kipaza sauti, na ukutani kuna wenzo mdogo wa kubonyeza. Panya anaanzia gizani, kwa maana ya taa kuwa imezimwa: shoti zinamjia kwa nyakati zisizo na mpangilio, na hakuna kinachozitangulia. Akibonyeza wenzo, taa inawaka, na kwa muda mfupi anaishi chini ya utaratibu mwingine. Shoti bado zipo, na bado huwezi kusema itakayofuata itakuja baada ya sekunde kumi au dakika tatu. Ila sasa kila moja hutanguliwa na mlio wa sekunde chache. Muda huo ukiisha taa inazimika, panya anarudi alikotoka, na akitaka tena inambidi abonyeze tena. Habonyezi kwa ajili ya chakula, kwa sababu hakuna chakula. Habonyezi ili apunguziwe shoti, kwa sababu hapunguziwi hata moja. Na hata hivyo, akishaizoea kanuni ya mahali hapo, sehemu kubwa ya muda wake anaitumia chini ya taa.

Badia hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1963, mtafiti aitwaye Lockard alikuwa ameonyesha kwamba panya akiwekwa kwenye boksi lenye pande mbili, upande mmoja ukiwa na ishara inayotangulia shoti na wa pili ukiwa na ishara isiyohusiana nayo, atahamia upande wa kwanza. Kilichozua ubishi ni sababu.

Maelezo yanayomjia mtu haraka ni ya kujiandaa. Abiria wa daladala aliyeliona tuta hukaza shingo na kushika chuma cha siti. Aliyekuwa akisinzia ndiye anayegonga kichwa. Charles Perkins alilijenga wazo hili kinadharia katika miaka ya 1950 na 1960: ishara inampa mnyama nafasi ya kufanya kitu kidogo, kukunja mwili, kuinua mguu mmoja, kukaza misuli, na kwa njia hiyo pigo lilelile linamuuma kidogo. Na kweli, kwenye sakafu ya vyuma panya anaweza kucheza na umeme. Akisimama vizuri, unampitia kidogo.

Ndiyo maana John Furedy na Gerald Biederman, wa Toronto, walikuja na pingamizi la maana. Walisema: mfungie panya waya mkiani, ili asimame asisimame umeme umpate kwa kiwango kilekile, halafu tuone kama bado ataitaka hiyo ishara. Majaribio yao yakaonyesha kwamba upendeleo unatoweka. Ingekuwa mwisho wa hadithi, ila maabara nyingine zilirudia kwa waya huohuo wa mkiani na zikaupata upendeleo. Mimi naona kujiandaa kupo, na kunasaidia pale ambapo mwili una la kufanya. Lakini kukunja mgongo kunakoweza kufidia shoti ndefu mara tisa ni kukunja mgongo kwa namna gani? Hapo maelezo ya tuta la barabarani yanaishiwa pumzi.

Maelezo ya pili yalitoka kwa Martin Seligman, ambaye msomaji huenda anamjua kwa kazi zake za baadaye kuhusu kukata tamaa na kuhusu furaha. Mwaka 1968 alichukua panya waliokwisha kuzoea kubonyeza wenzo ili wapate chakula, akawagawa. Kundi moja lilipata shoti zilizotanguliwa na ishara. Kundi la pili lilipata ishara na shoti pia, lakini kila kimoja kikija kivyake, bila kuhusiana. Mwanzoni wote waliogopa na kuacha kula. Kisha kundi la kwanza likaanza kutofautisha: ishara ikitokea wanasimama, ikipita wanarudi kwenye wenzo na kuendelea na chakula chao. Kundi la pili halikurudi. Siku zikapita, panya wamejikunyata pembeni, wenzo uko palepale na chakula kipo.

Seligman aliyasoma matokeo hayo kwa kuyageuza. Sote tulikuwa tukiutazama mlio, yeye akautazama ukimya. Ikiwa shoti haiji kamwe bila mlio, basi kila sekunde isiyo na mlio ni sekunde ya amani, na mnyama anaweza kuitumia kula, kujilamba manyoya, hata kulala. Ikiwa shoti huja bila mlio, basi hakuna sekunde hata moja ya namna hiyo. Anachokinunua panya kwa wenzo wake ni ukimya uliothibitishwa.

Tupige hesabu, maana kwa tarakimu jambo hili linaonekana wazi zaidi. Chukua kizimba ambacho shoti huja kwa wastani mara moja kila dakika mbili, na mlio unaoitangulia ni wa sekunde 5. Kwa saa moja hiyo ni milio 30, yaani sekunde 150. Panya wa upande wa mlio ana dakika mbili na nusu za hofu, na dakika 57 na nusu za kupumua. Panya wa upande mwingine anapata shoti 30 zilezile, lakini hofu yake ni ya dakika 60 kamili. Sasa ongeza makali ya shoti za upande wa mlio. Maumivu yatazidi, lakini zile dakika 57 na nusu ziko palepale. Kwa hiyo panya hajaikataa kanuni ya nusu shari. Anaifuata barabara, ila kwenye daftari lake shari inapimwa kwa muda anaokaa na hofu, na shoti yenyewe ni sehemu ndogo tu ya bili.

Nadharia nzuri lazima ikubali kubanwa, na hii ilibanwa mwaka 1976 na Badia na wenzake kwa namna ninayoiona kuwa ndiyo nzuri kuliko zote katika mlolongo huu. Walijiuliza: mlio unaweza kusema uongo kwa njia mbili. Unaweza kulia bila shoti kufuata, kama mbwa anayebweka upepo. Au shoti inaweza kuja bila mlio kulia, kama mbwa aliyelala mwizi akapita. Kwa anayehesabu habari tu, yote mawili ni kasoro: ishara imepungua uhakika. Kwa anayejiandaa, mlio unaolia bure unamchosha, anakunja mgongo bila sababu. Lakini kwa anayenunua ukimya, makosa haya mawili hayafanani hata kidogo. Mlio wa bure unamgharimu sekunde chache za hofu ya ziada, basi. Shoti isiyotangazwa inauharibu ukimya wote, wa leo na wa kesho.

Panya wakajibu. Mlio ulipoanza kulia bure, upendeleo wao uliyumba kidogo sana, waliendelea kubonyeza. Shoti zilipoanza kuja bila mlio, upendeleo uliporomoka.

Jibu hilo linaafikiana na jambo ambalo Robert Rescorla alikuwa amelionyesha mwaka 1968 kuhusu namna wanyama wanavyojifunza. Tangu enzi za Pavlov, yule Mrusi aliyewazoesha mbwa kudondokwa mate kwa ishara ya chakula, ilidhaniwa kwamba kengele ikiambatana na tukio mara za kutosha, mnyama ataviunganisha. Rescorla aliacha idadi ya maambatano ileile, kisha akaongeza shoti katika vipindi visivyo na mlio, mpaka uwezekano wa kupigwa ukawa sawa, mlio uwepo usiwepo. Hofu ya mlio haikujengeka. Maana yake, panya hahesabu tu ni mara ngapi mlio na shoti vimekutana. Analinganisha: hatari ni kiasi gani mlio ukiwepo, na ni kiasi gani usipokuwepo? Safu ya pili ya daftari, ile ya vipindi ambavyo hakuna kilichotokea, ina uzito sawa na ya kwanza. Sisi binadamu tukisimulia mambo tunaisahau safu hiyo, kwa sababu haina tukio la kusimulia.

Mwili nao unaweka daftari. Jay Weiss, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, alipanga panya watatu watatu. Wawili waliunganishwa mikia kwenye waya mmoja, kiasi kwamba umeme uliompita mmoja ndio huohuo uliompita mwenzake, kwa sekunde ileile. Mmoja alisikia mlio kabla ya kila shoti. Wa pili alisikia milio pia, lakini ovyo ovyo. Wa tatu hakupigwa kabisa. Walipofunguliwa matumbo, aliyetangaziwa hakuwa na vidonda vingi kumzidi sana yule asiyepigwa, ilhali mwenzake alikuwa navyo vingi. Waya mmoja, umeme mmoja, matumbo mawili tofauti. (Niseme mapema kabla mtu hajakimbilia kumlaumu bosi wake: vidonda vya tumbo vya binadamu kwa sehemu kubwa ni kazi ya bakteria aitwaye Helicobacter pylori na ya dawa za maumivu za jamii ya aspirini. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa habari ya huyo bakteria. Panya wa Weiss wanatufundisha kuhusu mkazo, hawatuandikii cheti cha hospitali.)

Na majaribio haya hayapendezi kuyasoma. Nimeyaandika kwa vifungu vifupi kwa sababu hiyo. Masharti ya maabara ya leo ni makali kuliko ya miaka ya 1960, na mengi ya yaliyofanyika wakati ule yasingepitishwa kirahisi. Lakini maarifa yaliyotoka humo yamerudi kuwasaidia wanyama wenyewe, na hili halitajwi vya kutosha.

Katika bustani ya wanyama ya Edinburgh, Uskochi, kuna kima wa kapuchini ambao watunzaji wao huingia na kutoka mara nyingi kwa siku. Mlango unaofunguliwa ghafla humshtua kima hata kama nyuma yake kuna sahani ya matunda. Watafiti wawili waliochapisha kazi yao mwaka 2013 waliwaomba watunzaji wafanye jambo dogo: wabishe hodi. Hodi kabla ya mlango, kila mara, bila kukosa. Dalili za wasiwasi kwa kima zikapungua. Kitu ambacho kila mtoto wa uswahilini amefundishwa kabla hajajua kusoma kilihitaji utafiti ili kiingie kwenye mwongozo wa kutunza wanyama, na huenda ni kwa sababu hatukuwahi kujiuliza hodi inamfanyia nini mwenye nyumba wakati hakuna mgeni. Inamwezesha kukaa kwake ametulia.

Huko Norway, kampuni ya Nofence inatengeneza kola za kuvisha mbuzi, kondoo na ng'ombe badala ya kujenga uzio. Kola inajua mnyama yuko wapi kwa setilaiti. Akikaribia mpaka, inatoa sauti inayopanda hatua kwa hatua, na akiipuuza mpaka mwisho ndipo anapopata shoti. Hapa mnyama ana kitu ambacho panya wa Badia hakuwa nacho, anaweza kugeuka. Lakini kanuni ya ukimya ni ileile: asiposikia sauti, malisho yote alipo ni yake. Kola ambayo ingetoa shoti kimyakimya mara moja moja kwa hitilafu ingemharibia hata nyasi za katikati.

Ushahidi wa upande wa pili ulipatikana Hannover, Ujerumani, kwa mbwa 14 wa aina ya beagle waliovishwa kola za umeme, katika utafiti wa mwaka 2007. Baadhi yao walipata shoti pale tu walipogusa windo la bandia. Wengine walipokosa kutii amri ya kurudi. Na wengine wakati wowote ule. Watafiti walipima kwenye mate homoni ya kotisoli, ambayo hupanda mnyama akiwa na mkazo. Waliopigwa kwa kugusa windo hawakuonyesha ongezeko la kuhesabika, kwa kuwa walijua kosa liko wapi na kila kisichokuwa windo kilikuwa salama. Waliopigwa ovyo ndio waliopanda zaidi. Simtetei mtu anayemvisha mbwa kola ya namna hiyo. Ninachosema ni kwamba mwenye hasira zisizotabirika, anayempiga mbwa leo kwa jambo alilolichekea jana, anamtesa kuliko anavyodhani, na saa nyingi za mateso hayo ni zile ambazo mkono wake uko mfukoni.

Na binadamu je? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ving'ora vya Uingereza vilikuwa na sauti mbili: moja ya kupanda na kushuka, kwamba ndege za adui zinakuja, na ya pili iliyonyooka, kwamba zimepita. Kila anayesimulia vita anaikumbuka ya kwanza. Seligman angeuliza ni ipi iliyowawezesha watu kutoka mahandakini na kwenda kununua mkate.

Kwa kipimo cha karibu zaidi, mwaka 2016 watafiti wa London waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta yenye picha za mawe. Kazi ilikuwa kubashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka. Akiwepo nyoka, mtu anapata shoti mkononi, awe amebashiri sawa au la. Kadiri mchezo ulivyoendelea uwezekano ulibadilika, na wao wakapimwa jasho na mboni za macho. Mkazo haukufika kileleni pale shoti ilipokuwa na hakika. Ulifika kileleni pale ilipokuwa nusu kwa nusu. Mtu aliyejua fika kwamba anapigwa alikuwa ametulia kuliko aliyekuwa na bahati ya kupona mara moja katika kila mbili.

Kuna matokeo mengine yanayoonekana kwenda kinyume, nayo ni ya Gregory Berns na wenzake, mwaka 2006. Watu 32 walichagua kati ya shoti ya mguuni inayokuja mapema na nyingine ya baadaye, wakijua zote saa yake na ukali wake. Taarifa walikuwa nayo kamili. Wengi walitaka imalizwe haraka, na baadhi yao walikubali shoti kali zaidi ili tu wasisubiri sekunde ishirini na kitu. Mtu anaweza kusema: mbona hawa waliichukia taarifa? Hawakuichukia. Kwao kungojea kulikuwa ndio mlio, na mlio mrefu ni hofu ndefu. Turudi kwenye ile hesabu yetu: nyoosha sekunde 5 ziwe 60 kabla ya kila shoti, na nusu ya saa imeliwa. Taarifa ina faida pale inapoigawa siku vipande viwili, kidogo cha hofu na kikubwa cha amani. Ikiwa yenyewe inajaza siku nzima, haijagawa kitu.

Jirani yangu mmoja alikuwa akimpeleka mwanawe wa miaka minne zahanati, sindano siku tano mfululizo. Siku ya kwanza alimwambia, "Twende mwanangu, tukanunue maandazi." Siku ya pili akasema hivyohivyo, akambeba huku analia tangu kwenye kizingiti. Siku ya tatu nesi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimkalisha mtoto mezani akamwambia: "Nikikugusa bega, sindano inakuja. Sijakugusa, haiji. Umenisikia, baba?" Akaendelea na shughuli zake, akavunja kichupa cha dawa, akaandika daftarini, mtoto anamwangalia mkono, pua inachuruzika lakini amenyamaza. Akaguswa bega. Akalia, akachomwa, akaisha kulia. Siku ya nne na ya tano zilikwenda hivyo.

Jumamosi mama yake akasema tena twende tukanunue maandazi, na safari hii ilikuwa kweli. Mtoto aling'ang'ania mguu wa meza. "Maandazi ya kula, mama?" Ya kula, mwanangu. Alikwenda, lakini pale kwa muuza maandazi nilimkuta amesimama nyuma ya kanga ya mama yake, bega moja limefichwa, anaitazama mikono ya yule dada inavyogeuza maandazi kwenye mafuta.